Malori Yaliyofunga

Wako watu waliojaliwa kazi za kupendeza. Wengine hupima dhahabu, wengine hupima hariri, na inasemekana wapo hata wanaolipwa mshahara kuonja chai na kutema. Bi Moshi alijaliwa kupima makalio ya malori. Nisamehewe lugha, lakini sijui neno jingine la mahali aliposimama kutwa nzima.

Kila asubuhi alivaa koti la kijani lenye mistari inayong'aa, akajifunga barakoa iliyokuwa nyeupe siku aliyopewa, akasimama nyuma ya lori linalonguruma. Alichomeka mrija wa mashine ndani ya bomba la moshi, akapaza sauti: "Kanyaga!" Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikapiga ukelele, bomba likacheua, na mashine ikatoa namba. Namba ikiwa ndogo, lori lilibandikwa kibandiko cha kijani kwenye kioo cha mbele likaenda zake. Ikiwa kubwa, lilirudishwa lilikotoka likatengenezwe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko lilikaa kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Madereva walimwita Bi Moshi, na yeye aliitika.

Na malori yalifaulu! Ungekuwepo ungelia kwa furaha. Yalikuja malori yenye umri wa kuitwa babu, yenye milango iliyofungwa kwa kamba, yenye vyuma vilivyoliwa na kutu mpaka ukaona barabara kupitia sakafuni. Lakini yakifika mbele ya mashine ya Bi Moshi yalipumua kwa adabu, kidogo kidogo, kama bi harusi anayeonja chakula mbele ya wakwe. Mkuu wa kituo, bwana mwenye tumbo la mtu asiyedaiwa, alitundika mchoro ukutani, kwenye korido, pale ambapo mgeni hawezi kupita bila kuuona. Mstari wa moshi ulishuka mwaka hadi mwaka kama mtu anayeteremka ngazi. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: HEWA YETU IMETAKATA.

Bi Moshi aliamini. Tusimcheke mapema, wakati wa kumcheka unakuja.

Nyumbani kwake kulikuwa katikati ya kilima, mbele kidogo ya kituo chenyewe. Barabara ikishatoka kituoni hupita tambarare penye gereji, kisha huanza kupanda, na panapopanda sana, pale dereva anaporudisha gia na kuomba dua, ndipo ilipo nyumba. Hewa iliyotakata ilifika pale kila siku. Ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni ulianua la kijivu, bila gharama ya rangi. Majani ya mti wa uani yalikuwa meusi upande wa juu. Bi Moshi alidhani ni jiko la jirani.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi na mumewe na mama mkwe wake. Watoto walikuwa shule ya bweni, wakipumua huko. Najua masimulizi mengi yanataka mama mkwe na mke wa mwana wawe paka na panya, lakini hawa wawili walipendana, tena bila aibu. Bibi yule alikuwa mshonaji wa sare za shule kwa miaka mingi, na alipostaafu aliiacha cherehani lakini ulimi aliubakiza. Tatizo lilikuwa kifua. Kilianza kwa kukohoa asubuhi, kikaendelea kwa kukohoa mchana, na mwishowe bibi akawa hapandi kitandani bila kupumzika njiani.

Daktari hakuzunguka. Alisema kifua hiki hakina tena uwezo wa kuvumilia moshi. Ama mama aondoke penye moshi, ama moshi uondoke penye mama, la sivyo wasimlaumu yeye. Kuhama hawakuweza, maana nyumba ndiyo hiyo waliyokuwa nayo, na nyumba yenye masizi hainunuliwi na mtu mwenye akili timamu. Ikabaki moshi uondoke. Na katika mji mzima, mtu mwenye kazi ya kuuondoa moshi alikuwa nani? Alikuwa mke wa mwanawe, mwenye koti la kijani.

"Leo yamefaulu mangapi?" bibi aliuliza kila jioni, kwa sauti ya kukwaruza.

"Yote, mama, isipokuwa moja."

"Ah. Basi hilo moja ndilo lililokuwa likipita hapa tangu asubuhi, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi. Maskini, lazima limechoka."

Bi Moshi alicheka, akamkanda mgongo, akamwambia mambo yanakwenda vizuri, hewa inatakata, hata mchoro upo. Bibi akasema mchoro huo waulete autundike kifuani, huenda ukasaidia.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu za dizeli, na wote walimwita Fundi, mkewe pia. Alikuwa mtu mpole, asiyepiga kelele, mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku ya kupumzika. Gereji yake ilikuwa pale tambarare chini ya kilima. Kama kuna jambo ambalo Bi Moshi alijivunia kwa mumewe, basi ni wateja wake. Walikuwa watu wa dini kupita kiasi. Alijuaje? Alisikia kwa masikio yake. Fundi alikuwa hamalizi kifungua kinywa bila simu kulia, na maneno yalikuwa yale yale:

"Umeshafunga? ... Safi. Usijaribu kupanda kabla sijakufungua ... Nani? Yule wa saruji? Huyo nimemfunga jana, nitamfungua leo ... Usiogope, ukifunga kwangu hufeli."

Bi Moshi alisikiliza na moyo ukamlainika. Madereva wa malori, watu wanaosemwa vibaya na kila mtu, kumbe wanafunga! Tena si msimu wa mfungo, wanafunga mwaka mzima, kwa hiari. Aliwasimulia wenzake kazini. Alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akasema Mungu ana waja wa kila aina. Siku moja alifika mbali zaidi. Alipika uji, akaujaza kwenye chupa kubwa ya chai, akaupeleka gereji ili waja wale wapate kitu cha moto cha kufungulia. Madereva wakatazamana. Fundi akakohoa, akatazama spana. Kisha wakaunywa uji wote, wakamwombea heri na maisha marefu. Ilimshangaza kidogo kwamba walifungua saa nne asubuhi, lakini yeye hakuwa mtu wa kuchunguza ibada za watu. Akawa anapeleka uji kila alipopata nafasi.

Sasa mnaweza kumcheka.

Mambo yangeendelea hivyo, wote wakiwa na furaha isipokuwa kifua cha bibi, kama isingeletwa mashine mpya. Ilikuja na mhandisi, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Mashine hii haikuhitaji kuchomekwa popote. Ilisimamishwa kando ya barabara, ikapitisha mwale wa mwanga upande wa pili, na lori likikata ule mwale mashine ilisoma moshi wake na kuipiga picha namba yake, lori likiwa kwenye mwendo, dereva akiwa anakula karanga hana habari.

Mkuu wa kituo aliipenda. Alitaka iwekwe pale getini, karibu na maua, ambapo ingependeza kwenye picha.

"Getini malori yamesimama," mhandisi akasema. "Hayajafanya kazi yoyote. Mtu ukimsikiliza pumzi akiwa amelala utasema ni mzima. Mpandishe ngazi ndipo utajua."

Kupandisha ngazi maana yake ni kilima. Lakini kilimani palihitaji umeme na mtu wa kuiangalia mashine isiibiwe, na hapo Bi Moshi akajitolea kutoa kibaraza cha nyumba yake, kwa moyo mmoja. Alitaka mama mkwe aione kwa macho yake hewa ikitakata. Bibi naye aliipokea kama mgeni wa heshima. Alivuta kiti akakaa karibu nayo, akaifuta vumbi kwa khanga yake, na kila lori lilipopita aliiuliza, "Umeliona hilo? Usinifiche."

Mashine haikumficha. Wiki ya kwanza ilitoa namba ambazo mkuu wa kituo alizisoma amesimama, akakaa, akazisoma tena. Mhandisi alieleza kwamba kwa kawaida malori machache tu ndiyo hutoa sehemu kubwa ya moshi, na ukiyakamata hayo umeshapunguza nusu ya balaa. Tabu iliyokuwepo ni moja ndogo. Yalipotafutwa malori yale machafu kuliko yote, yale yaliyopanda kilima yakiwa yamejifunika wingu jeusi mpaka kamera ikapata shida kusoma namba zake, yote yalikuwa na kibandiko cha kijani. Tena kibandiko cha asubuhi ile ile, gundi haijakauka, na saini ya Bi Moshi.

"Mashine imeugua," mkuu akaamua. "Haijaizoea hali ya hewa ya kwetu."

Na nani aliyemuunga mkono kwa sauti kuliko wote? Bi Moshi. Roho ilimuuma kama mtu aliyeambiwa mtoto wake mwizi. "Mimi nimeyapima kwa mkono wangu," alimwambia mhandisi. "Nimesimama nyuma yake. Kama yangekuwa na moshi, ningekuwa wa kwanza kuumeza." Mhandisi alimtazama, hakubisha, akasema tu kwamba kati ya kituo na kilima kuna kitu kinatokea, naye hajui ni nini. Ikapangwa Ijumaa kiwe kikao. Bi Moshi, kama mpimaji mkongwe, angesema mbele ya wote kwamba mashine ya kilimani ni mbovu, mashine irudishwe kwao, na funika kombe mwanaharamu apite.

Siku moja kabla ya kikao, Bi Moshi alitoka kazini wakati wa mapumziko ya mchana akapanda nyumbani kumpa mama mkwe dawa. Alimkuta kibarazani kando ya mgeni wake. Alikuwa hajamimina maji kwenye kikombe wakati lori la mchanga lilipopanda likiunguruma, likatema wingu zito, wingu likaingia kibarazani likakaa. Lilipoondoka, bibi alikuwa ameshika nguzo. Mdomo ulikuwa wazi na mabega yanapanda na kushuka, lakini hewa haikuingia. Midomo ilianza kubadilika rangi. Hakukohoa, na hilo ndilo lililomtisha Bi Moshi kuliko kitu chochote, maana mwaka mzima hakuwahi kumsikia yule bibi amenyamaza.

Alimpigia Fundi simu, haikupokewa. Alimwita jirani amshike bibi, akavua viatu, akashuka kilima mbio, koti la kijani likipepea nyuma. Fundi alikuwa na pikipiki. Pikipiki ndiyo ingemfikisha mama hospitali.

Alimkuta pale kilima kinapoanzia, ameinama ubavuni mwa lori la saruji, kichwa chote kimeingia kwenye injini. Dereva alikuwa juu, mguu kwenye mafuta. Kelele ilikuwa kubwa.

"Fundi! Mama!"

"Subiri kidogo!" Fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Namfungua huyu kwanza!"

Bi Moshi alisimama. Aliona mkono wa mumewe, aliona bisibisi, aliona skrubu ndogo kwenye pampu inazungushwa. Dereva akakanyaga, na bomba lililokuwa linapumua kwa adabu likaachia moshi mweusi mzito mpaka jua likapungua. Kwenye kioo cha mbele kilikuwapo kibandiko cha kijani. Alikibandika yeye, asubuhi ile.

Dereva akachungulia dirishani, mdomo umejaa tabasamu. "Aa, Bi Moshi! Karibu. Leo hukuleta uji?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia, ila hawakusema kwamba utakuwa unakipelekea uji kwenye chupa.

Hakukuwa na muda wa kugombana. Fundi alipoinua kichwa na kuona uso wa mkewe, bisibisi ilimdondoka. Walipanda, wakamchukua bibi, wakamweka kati yao wawili kwenye pikipiki, mmoja akimshika kwa mgongo wake na mwingine kwa mikono yake, wakaenda hospitali huku wakilipita lori moja baada ya jingine. Bi Moshi alikuwa amelibandika kila moja.

Hospitali walimvika bibi kifuniko cha mvuke puani, wakamlaza nyuma ya pazia, wakasema amewahi, lakini wasizoee kuwahi. Wale wawili wakabaki koridoni. Waligombana kwa kunong'ona, maana ukutani palikuwa na picha ya muuguzi ameweka kidole mdomoni.

"Kwa hiyo kufunga ndiko huko."

"Kufunga pampu," Fundi akasema, macho chini. "Nazungusha skrubu, dizeli inaingia kidogo, lori linakuwa halina moshi. Wananijia asubuhi kwenye maegesho ya malori kabla hawajafika kwako. Wakishapita, nawafungulia pale chini ya kilima, maana lori lililofungwa halina nguvu, kilima kile halipandi."

"Na mimi ukaniacha niwaambie watu wateja wako ni wacha Mungu."

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umeshaleta uji."

Bi Moshi angecheka siku nyingine. "Umemfungulia moshi mama yako. Mlangoni kwake. Kwa miaka."

"Si mimi peke yangu!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mimi nafunga, wewe unabandika. Ungesema siku moja tu, hebu, hili gofu limewezaje kufaulu? Hukuuliza. Ulipenda yafaulu. Mkubwa wako alipenda yafaulu. Mimi niliwapa mlichopenda."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa ameyaona malori yale kwa macho mawili na akaamua kuiamini namba moja.

"Si unajua kuyatengeneza?" alisema. "Nozeli, chujio la hewa, pampu yenyewe. Ndiyo kazi uliyosomea."

"Kutengeneza lori moja vizuri ni kutwa nzima, na dereva anakutukana kwa nini unachelewa. Kufunga ni mzunguko mmoja wa mkono." Akasogea karibu. "Mke wangu, kesho usiseme. Sema mashine ni mbovu, kama mlivyokubaliana. Nitaacha mwenyewe. Nitaacha polepole."

"Polepole ni muda," Bi Moshi akasema. "Muda mama hana."

"Njooni hapa," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Pazia la hospitali, kama mjuavyo, limewekwa ili mgonjwa asionekane. Kusikia anasikia. Bibi alikuwa amekishusha kile kifuniko mpaka kidevuni. Alimtazama mwanawe muda mrefu, akivuta pumzi fupi fupi, na Fundi, mwanamume wa watu, alisimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kumbe ni wewe," bibi akasema. "Mimi nilikuwa nawalaani watu baki." Akapumzika. "Nilishona kaptula za watoto wa watu mpaka macho yakaniuma, nikakupeleka ujifunze ufundi. Umejifunza. Hongera. Basi nakuomba kitu kimoja, fundi wangu. Siku nikifunga moja kwa moja, usihangaike kunifungua."

Akakirudisha kifuniko puani, akageukia ukutani. Fundi alitoka nje, akakaa kwenye pikipiki, hakuiwasha. Alilia pale, na waliopita walidhani amefiwa.

Ijumaa kikao kilikaa. Mkuu wa kituo alikuwa amevaa tai. Maelezo yalikuwa yameshachapwa, kilichobaki kilikuwa Bi Moshi asimame na kusema mashine ni mbovu, kisha chai iletwe. Alisimama. Alijua kwamba akishafungua mdomo atakuwa anamvua mumewe nguo mbele ya watu.

"Mashine ni nzima," alisema. "Mgonjwa ni mama mkwe wangu. Anayefungua moshi unaomuua ni mume wangu, na anayeubandikia cheti ni mimi."

Akaeleza yote, mpaka uji. Habari ilipofika kwenye uji, mhandisi asiyecheka aliinamisha uso, mabega yakamtetemeka, akaomba radhi. Mkuu wa kituo hakucheka. Aliuliza kama jambo hili haliwezi kubaki humu ndani. Mhandisi akajibu kwamba moshi umeshindwa kubaki ndani ya bomba, sembuse habari.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu, yaani wenye makosa makubwa walipandishwa vyeo na wenye makosa madogo waliadhibiwa. Kituo kilianza kuweka lakiri ya risasi, muhuri usiofunguka bila kuvunjwa, juu ya skrubu ya pampu, mara tu lori linapopimwa, na mashine ya kilimani ikawa ndiyo yenye neno la mwisho. Lori likipanda na wingu, linashushwa, lakiri inakaguliwa, na haliendi popote mpaka litengenezwe kweli. Mkuu wa kituo alitundika mchoro mpya wenye mstari uliopanda juu sana halafu ukaanza kushuka, akaalikwa ng'ambo kuwaeleza wenzake alivyogundua udanganyifu kwa jicho lake makini. Bi Moshi alipewa onyo kwa kukifedhehesha kituo. Kisha akapewa wembe na ndoo ya maji ya sabuni, akaambiwa avibandue vibandiko vyake vyote, kimoja kimoja, kwenye vioo vya malori. Vilikuwa vimeshika vizuri. Alikuwa mbandikaji hodari.

Fundi alifungiwa gereji kwa muda, na aliporuhusiwa tena, wateja wa dini walikuwa wamepungua. Waliobaki walikuja na malori yaliyoshushwa kilimani, wakataka yatengenezwe, na yeye akawa anafumua nozeli, anaosha, anabadilisha machujio, kutwa nzima lori moja, jasho linamtoka, mgongo unamuuma. Alikuwa akiijua kazi hiyo siku zote. Alikuwa amesahau tu jinsi kazi ya halali inavyochosha.

Na mkewe hakumsemesha. Si kwamba alinuna kimya kimya, la, alinuna kwa sauti. Kila kitu kilipitia kwa bibi, ambaye alikuwa amerudi nyumbani na chupa ya dawa na amri ya kutochoshwa.

"Mama, mwambie bibi mkaguzi anisogezee chumvi."

"Mama, mwambie hiyo chumvi iko mbele yake."

"Mimi ni mgonjwa wa kifua," bibi alisema, "si posta."

Bi Moshi aliumia. Alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa imekaa katikati ya kitanda chao kama mtu wa tatu. Usiku alimsikia mumewe akigeuka na kugeuka, naye akatazama upande wake wa ukuta. Kuna mara alijiuliza kama angepaswa kunyamaza. Kisha alikisikia kile kikohozi chumbani kwa bibi, akaacha kujiuliza. Malori yalikuwa bado yanapita, na yaliyo safi hayakuwa safi kama maji. Kifua kilichoharibika miaka hakirudi kwa wiki. Hakuna aliyemwahidi kwamba kitarudi.

Alasiri moja ya siku ya mapumziko, Bi Moshi alikuwa jikoni akichambua mchele. Fundi alikuwa uani akiosha nozeli kwenye beseni. Lori likapanda kilima taratibu, likilalamika, likapita. Jingine likapita. Baadaye kidogo Bi Moshi akahisi kwamba kuna kitu hakipo, na alichukua muda kujua ni kitu gani.

Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa anakohoa.

Aliutupa ungo, mchele ukamwagika. Mlangoni kwa bibi aligongana na Fundi, mikono inadondosha dizeli, uso umemwisha damu, naye ameusikia ukimya ule ule. Hakuna aliyethubutu kutangulia. Mwishowe waliingia pamoja, bega kwa bega, wakainama juu ya kitanda.

Bibi alikuwa amelala chali, mikono juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo. Walitazama kifua. Walitazama kwa muda mrefu mno. Kisha kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena, polepole, bila kukwaruza.

"Amelala," Fundi akanong'ona. Alikuwa anamwambia mkewe.

"Naona," mkewe akajibu.

Wakabaki wameinama pale, vichwa vinakaribia kugusana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Bibi hakufumbua macho.

"Kama mmeshamaliza kunipima," alisema, "sogeeni. Mnanizibia hewa."